Jiko la Mama Kabula Pale Mwaloni

Mjukuu wangu mmoja anasomea mambo ya utalii. Juzi alinijia hapa Buswelu na wenzake, wakanikaribisha niketi kwenye kiti changu mwenyewe, wakaniuliza: "Babu, zamani watu wa Kanda ya Ziwa walikuwa wanakunywa chai na nini?" Nikawauliza, chai ipi? Wakacheka, wakidhani natania. Kizazi hiki kinaamini asubuhi iliumbwa pamoja na chai, na chai ikaumbwa pamoja na chapati.

Sikuwajibu vizuri siku ile. Goti lilikuwa linaniuma, na swali lenyewe lilinigusa mahali pabaya. Ndiyo maana naandika. Nimeendesha magari ya samaki kando ya ziwa hili miaka ile tulipoambiwa kwamba biashara sasa ni huria na kila mtu ajitafutie, na nimekula kwenye meza za asubuhi nyingi kuliko padri anayezunguka vigango. Nitawaambia nilichokula. Nitawaambia pia kilivyokwisha, na hapo msitegemee nicheke nanyi.

Kwanza mjue nilivyokuwa mshamba, mimi niliyejiona wa mjini. Nilizaliwa Kirumba, Mwanza. Nyumbani tulikunywa chai ya maziwa kwa slesi za mkate, na mama alituambia michembe ni chakula cha watu wa porini. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuendesha lori la kiwanda cha samaki, nilikuwa mwanamume mwenye leseni na ndevu ambaye hajawahi kuweka mdomoni kitu ambacho mama yake hakukipitisha. Kazi yenyewe ilikuwa kupita kwenye mialo, pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki. Tulichukua sangara wa kwenda Ulaya na sato wa hoteli za Dar, tukawalaza kwenye barafu, tukawawahisha mjini.

Aliyenifundisha ni Mzee Deo, dereva mkongwe, Mhaya wa Kamachumu, Mkatoliki aliyeanza kila safari kwa ishara ya msalaba na kuimaliza kwa matusi. Siku ya kwanza alinikuta nimebeba mkate mzima na chupa ya chai. Akauchukua ule mkate, akaukata vipande, akamrushia mbwa wa getini.

"Shikamoo Mzee, lakini mbona hivyo?"

"Marahaba. Gari likikukwamia kule Magu, mkate huu utakusukuma?"

"Hapana."

"Basi kula kwa watu. Uliokula kwao ndio watakaokusukuma."

Nilikasirika mpaka Igoma. Baadaye, mvua zilipoanza na njia za kwenda mialoni zikageuka matope, nilimwelewa. Hakuna aliyekuja kusukuma lori la kiwanda kwa sababu ya kiwanda. Walikuja kwa sababu ya yule dereva anayekula uji kwa mama fulani.

Safari yangu ya kwanza upande wa Kagera, Mzee Deo alinipeleka kwa dada yake. Kabla salamu hazijaisha, yule mama akaniwekea kiganjani punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Mimi nikajua ni dawa ya homa ya kienyeji. Nikaomba maji, nikazimeza zote kwa mkupuo. Dada yake akashika kichwa.

"Deo! Huyu mtoto umemtoa wapi? Zinatafunwa hizo! Tunampa mgeni atafune tuzungumze!"

Mzee Deo alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi walizotandika ndani. Kuanzia hapo nikaitwa Mgonjwa, na hata watoto wa jirani walikuja kunichungulia wanipe pole. Asubuhi iliyofuata tukala katogo, ndizi zilizopikwa sufuria moja na maharage hadi mchuzi ukawa mzito. Nilipomaliza sahani ya pili nilimwambia Mzee Deo kwamba mbwa wa getini namwonea huruma kwa ule mkate aliopewa.

Usukumani napo nilifundishwa kwa meno. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, lazima uvichemshe. Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa, ndipo vikaanikwa. Hayo unatafuna njiani kama pipi. Mimi nilichanganya. Nilinunua michembe nikaitafuna mikavu, jino likanilegea. Siku nyingine, kwa kuogopa kosa hilo, nikanunua matobolwa, nikayamaliza yote peke yangu na kunywa maji mengi juu yake. Hakuna aliyeniambia kwamba matobolwa yakikutana na maji tumboni yanakumbuka kwamba yalikuwa viazi. Tulipokaribia Magu nilikuwa naendesha mkanda umefunguliwa na kifungo kimekatika. Trafiki akatusimamisha, akanitazama, akaniuliza kama nimebeba samaki au mimba.

Basi nikajifunza. Nilijua Magu mjini ni vitumbua vya mchele mpya, uvile vikiwa bado vinachoma vidole. Nilijua uji wa mtama uliotiwa ukwaju, ambao ukinywa asubuhi hutaki maji mpaka jua liwe utosini. Nilijua visiwani ni muhogo wa kuchemsha na samaki mkavu, na stendi ndogondogo za barabarani ni dagaa wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi ya gazeti, mpaka mafuta yanafuta maneno ya mawaziri.

Na mnisikilize nyie mnaosafiri, hili ni la kazi. Usile kwa mama ambaye kikaango chake kinang'aa. Ama ameanza jana, ama hana wateja. Mafuta yakitoa povu, pita. Samaki mfunue shavu kwanza: likiwa jekundu kaa, likiwa la kijivu aga kwa heshima. Mama asiyekuuliza umetoka wapi hatakukumbuka ukiumwa na chakula chake. Na zaidi ya yote, tazama wavuvi wanakula wapi. Mvuvi hali samaki mbaya, anamuuza.

Wavuvi walikokula ndiko nilikomkuta Mama Kabula.

Ule mwalo uko pwani ya Magu na jina lake sitalitaja, watoto wa watu wapo. Mama Kabula alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega kama ya mpiga kasia, na mtoto wake mmoja, Kabula, alikuwa shule. Jiko lake lilikuwa mafiga matatu chini ya paa la nyasi, hatua chache kutoka majini, na mabenchi yaliyotengenezwa kwa mbao za mitumbwi iliyooza. Alipika uji wa mtama. Alipika michembe kwa karanga za kusagwa, laini, tamu, yenye moshi kidogo. Na alipika sato mzima kwa nyanya na chumvi, akamtoa na ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa. Mnashangaa ugali asubuhi? Kwa mtu aliyekesha majini akivuta nyavu, asubuhi ndiyo chakula chake cha jioni.

Mara ya kwanza nilipokula kwake nilimaliza mgongo wa sato, nikaacha kichwa kwenye sahani kama tulivyofanya nyumbani. Akaja akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Nimeshiba."

"Kichwa nimekupa wewe kwa kuwa ni mgeni. Wenyeji wamekula mikia. Sasa unataka kumpa kuku?"

Mzee Deo akaniinamia. "Kula hicho kichwa," akasema, "au leo tunarudi Mwanza kwa miguu."

Nikala. Kumbe nyama tamu yote ya samaki iko mashavuni na nyuma ya macho, na mimi nilikuwa nimeitupa maisha yangu yote. Mama Kabula alisimama pale akinihesabia mifupa, na nilipomaliza akasema, "Wabeja, baba," akinishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu.

Sato wale hakuwanunua, na hapa ndipo naomba mnielewe vizuri. Desturi ya mwalo ilikuwa hivi: mtumbwi ukifika, yeyote anayeshika kamba na kusaidia kuuvuta nchi kavu anapewa samaki wa chungu. Ndicho kitoweo chake. Haombi, na wala hakuna wa kumnyima. Mama Kabula alishika kamba ya kila mtumbwi uliofika asubuhi, na ndiko yale mabega yalikotoka. Samaki aliopewa aliwapika, wavuvi wakaja wakalipia ugali na jasho la jikoni. Samaki walitoka kwa wavuvi wakarudi kwa wavuvi wakiwa wameiva, na katikati yake Kabula akasoma. Jiko lile lilikuwa shamba la yule mama. Hakuwa na jingine.

Halafu akaja Shija. Alikuwa kijana wa hapohapo, na kiwanda kilimfanya wakala wake. Akatundika mizani kwenye mti, akaleta nyavu mpya na injini kutoka kiwandani, na mvuvi aliyechukua wavu wa kiwanda hakuwa tena na samaki wake wa kumpa mtu. Kila kilichotoka majini kilipita kwenye mizani. Shija akatangaza kwamba kitoweo ni ushamba, biashara haiendi hivyo. Mama Kabula akaendelea kushika kamba. Alisema mikono yake haijui kukaa ikitazama mtumbwi. Wavuvi wengine wakaona aibu, wakawa wanamfichia sato chini ya mbao za mtumbwi, akawachukua akiwa amewafunika kwa kanga kama mwizi. Nilimwona siku moja akifanya hivyo, na hakunitazama usoni.

Nikaanza kuchukia mizani ile. Nilikuwa naichukia huku nikipakia samaki wake, maana ndiyo kazi niliyoandikiwa.

Ndipo likaja lile la wageni. Wanunuzi wa nje walikuwa wanatuma watu wa kukagua usafi kuanzia mwaloni mpaka kiwandani, na mwalo usiopita ukaguzi, samaki wake hawatanunuliwa. Shija akaitisha kikao chini ya paa la Mama Kabula, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine. Alikaa kwenye benchi la yule mama, akanywa uji wake, halafu akasema siku ya wageni kusiwe na moto, kusiwe na kuku, kusiwe na jiko. Kuhusu baadaye, tutaona.

Usafi siukatai. Nzi niliwaona, sikuwa kipofu. Nilisimama nikasema jiko lisogezwe juu kidogo, upande ambao upepo hauleti moshi kwa samaki, lijengewe paa la bati, yaishe. Sote tunakula hapa, nikasema.

"Dereva," Shija akanijibu, "wewe endesha gari."

Niliwatazama wavuvi wanisaidie. Walikuwa wengi, na midomo yao ilikuwa bado na uji. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye vidole vyake vya miguu.

Mama Kabula yeye aliuliza jambo moja tu.

"Hao wageni watafika saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na watakula nini?"

"Hawaji kula, mama. Wanakuja kukagua."

"Mgeni gani hali?" akasema. "Hata mkaguzi ana tumbo."

Watu wakacheka, kikao kikaisha. Mimi nilibaki nikimsaidia kuokota mabakuli, na hapo akaniambia kilichokuwa moyoni mwake. Alikuwa hana hofu.

"Baba, mimi nimewaona wageni wengi kwenye mwalo huu. Mtu akishakula ugali wako hawezi kukufukuza. Mkono unakuwa mzito. Wewe waache waje."

Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo walivyoishi wote kwenye pwani ile. Ukila kwa mtu umefungwa naye. Huwezi kugeuka kesho ukamtoa pale ulipokula. Mama Kabula aliweka jiko lake lote, na shule ya Kabula ndani yake, juu ya jambo hilo. Nilipomsimulia Mzee Deo tukiwa njiani, hakucheka.

"Hao wanakula kwa mdomo tu," akasema.

Siku yenyewe tulikuwepo, lori limeoshwa mpaka linatia aibu. Mama Kabula alikuwa ametii. Moto ulizimwa, kuku walifungiwa, na alikuwa amefagia mchanga mpaka mistari ya ufagio ikaonekana. Wageni wakafika na meneja wetu wa kiwanda, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wamevaa koti jeupe kila mmoja, wamechoka kwa barabara. Walizunguka, wakatazama mizani, wakachungulia ndani ya lori langu. Jua likapanda. Yule mgeni mwanamke akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, akajipangusa jasho, akaweka mkono tumboni.

Mama Kabula alikuwa amesimama mbali, lakini mkono ule aliuona. Akageuka, akainama kwenye mafiga. Moshi ukapanda.

Shija akakimbia. "Mama, zima! Mama, unatuua!"

"Nitazima wakishakula."

Aliwapikia michembe kwanza maana ilikuwa imeshachemshwa, akaipasha kwa karanga. Kisha akatoa sato ambao sijui aliwapata wapi, wakubwa, watatu. Alipomaliza alikuja na beseni, jagi la maji ya uvuguvugu na sabuni, akasimama mbele ya yule mwanamke. "Karibu unawe, mama. Karibu sana." Meneja alifungua mdomo, lakini mgeni alikwisha kunyoosha mikono. Na mikono iliyonawishwa hairudishwi.

Wakaketi. Kila mmoja akapewa sato wake na kichwa chake. Nilisimama kando ya lori nikiangalia, na nawaambia kweli, wale watu walikula. Yule mwanamke aliomba michembe tena, akaomba tena. Mwanamume mmoja, mrefu, mwenye miwani, alioneshwa na Mama Kabula namna ya kufungua shavu la samaki, akafungua, akafyonza, akafumba macho. Meneja wetu aliyekuja na uso wa kufungia watu vibanda alikula ugali wake, akala na wa jirani. Walicheka. Walipiga picha, Mama Kabula katikati na mwiko mkononi. Katikati ya vicheko akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vyao, akanyanyua kidevu kidogo, kama kuniuliza: umeona? Nami nilifurahi kijinga, nikamwonesha kidole gumba.

Yule mrefu akanawa. Akajifuta, akatoa kalamu. Mkono uleule uliokuwa unachovya mchuzi uliandika kuhusu moshi karibu na samaki, majivu, mabaki ya chakula, na nzi. Meneja alimtafsiria Shija kwa sauti ya kawaida, na mimi nilikuwa karibu, nikasikia lote. Mama Kabula alikuwa anakusanya mifupa. Wakati wa kuondoka yule mwanamke alimshika mikono miwili, akasema asante kwa Kiswahili, na sidhani kama alidanganya.

Majibu yalikuwa mafupi: samaki wa mwalo ule hawatanunuliwa mpaka jiko liondoke, eneo liwekewe sakafu ya saruji na uzio.

Wageni niliwasamehe mapema. Walikula mara moja, na kwao chakula ni chakula, ukishamaliza umemaliza. Walioninyima usingizi ni wengine. Uzio haukujengwa na Wazungu. Iliyochimba mashimo ya nguzo ni mikono ya wavuvi walewale, waliokula kwa yule mama tangu hawajaota ndevu, na Shija akiwasimamia. Nguzo moja iliangukia pale penye mafiga. Nilimtazama aliyeshika sururu. Nilitaka kuona kama mkono wake utakuwa mzito. Alichimba majivu na mchanga kwa pamoja, haraka, apate kumaliza kabla ya jua kali.

Mama Kabula alikuwa amekaa juu ya chungu chake kilichofunikwa, upande wa nje, anaangalia. Jua lilipokuwa kali, yule mwenye sururu alimwita kutoka ndani ya uzio.

"Mama, hakuna uji kidogo?"

Na akampa! Alinyanyuka, akamkorogea, akampitishia bakuli katikati ya nguzo mbili. Nilimtukana kijana yule kwa maneno yote niliyojifunza kwa Mzee Deo. Mama Kabula ndiye aliyeninyamazisha.

"Mwache, baba. Ana kiu."

Vijana, mnapenda tuwape hekima. Sina. Mtu mzima mwingine angewaambia ukarimu haupotei bure, na mimi sitawaambia hivyo kwa sababu niliona unapotea, tena asubuhi kweupe. Najua tu kwamba viwanda vilichukua minofu vikaipeleka nje, na sisi tukaanza kuuziwa mapanki, yale mafupa na vichwa vilivyobaki, yanayokaangwa kando ya barabara mpaka yawe meusi. Lori langu lilipeleka samaki wazima mjini, na malori mengine yalirudi na mafupa yao. Watu walikula. Wengine walisema ni tamu, na njaa haina mzaha. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwa aibu kwamba kichwa cha samaki ni heshima ya mgeni, na nilipoona nchi nzima inauziwa vichwa nilijiuliza nani sasa ni mwenyeji.

Mjukuu wangu ananiambia siku hizi watalii wanatafuta kifungua kinywa cha asili, na kuna fedha humo. Anataka nimtajie mahali. Nilimwambia walishakuja wakakila, wakakisifu, wakakiandikia ripoti. Akaniona mzee mkorofi. Sawa. Lakini siku mtakapomkalisha mgeni kwenye jiko la mama wa watu, mkampiga picha akifyonza kichwa cha samaki, muulizeni kwanza yule mama kesho atakuwa amekaa wapi. Hilo ndilo swali la kazi yenu. Picha wanajua kupiga wenyewe.

Mara ya mwisho nilipopita pale Mzee Deo alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Kamachumu, na nilikuwa peke yangu. Mwalo ulikuwa safi. Sakafu ya saruji ilimwagiwa maji, geti lilikuwa na mlinzi, na nilipakia haraka kuliko nilivyowahi kupakia. Nilipotoka getini nikasimamisha gari kando ya barabara, pale Mama Kabula alipokuwa na meza na chupa ya chai. Michembe haikuwepo, uji haukuwepo. Kwenye sinia palikuwa na maandazi na mapanki yaliyokaangwa. Kabula alikuwa ameacha shule na alikuwa anaosha vikombe.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, baba. Karibu ukae."

Mabega yake yalikuwa yamepungua. Akanimiminia chai ya rangi, akaniwekea andazi. Tukaongea habari za mvua, habari za barabara. Kisha nikasema lile lililonitoka tu.

"Mama, sato leo hakuna?"

Hakukasirika. Alilinyooshea mdomo lori langu.

"Sato wapo, baba. Nimewaona ukiwapitisha getini. Wamelala vizuri."

Kabula aliacha kuosha vikombe, akanitazama. Nikanywa ile chai mpaka mwisho ingawa ilikuwa inachoma. Maji ya barafu yalikuwa yameanza kudondoka chini ya gari, na mjini walikuwa wananisubiri. Nikaaga, nikapanda, nikaondoka na wale sato.